Kabla ya Alama, Mtoto Aangaliwe

Ripoti ya muhula ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni karatasi moja. Juu kuna jina, darasa na mkondo. Katikati jedwali la masomo na alama. Chini jumla, wastani, daraja na nafasi aliyoshika, tuseme wa 53 kati ya 87. Halafu yanafuata maoni ya mwalimu wa darasa, ambayo mara nyingi ni maneno mawili tu, "Aongeze bidii", na sahihi ya mwalimu mkuu yenye muhuri. Mzazi anayeipokea anajua kwamba wenzake 52 wamempita mwanawe. Hajui kama Hisabati imemshinda kwa sababu hajashika jedwali la kuzidisha, au kwa sababu hasomi vizuri kiasi cha kuelewa swali la maneno. Hajui kama anakaa nyuma na haoni ubaoni. Hajui kama pale shuleni ana rafiki hata mmoja. Na linalouma zaidi ni kwamba hata aliyeandika "Aongeze bidii" mara nyingi hayajui hayo, na shule haina kikao wala daftari ambamo mambo hayo yangepaswa kujulikana.

Hoja yangu ni kwamba shule ya msingi haiwezi kumpima mtoto isiyemfahamu, na kwamba kumfahamu mtoto ni kazi ya kitaalamu yenye utaratibu wake, ambayo mwalimu yeyote anaweza kufundishwa. Si jambo la kuachiwa huruma ya mwalimu mmoja mwenye moyo. Tumezoea kuyatenga mambo matatu: upimaji tunamwachia mwalimu wa taaluma, ustawi wa mtoto tunamwachia mwalimu wa malezi, na jumuiya tunaiachia kamati ya shule, ambayo huitwa pakiwa na choo cha kujenga. Shule chache ndogo zilizojaribu njia yao wenyewe zimeonyesha kwamba hayo yote ni kazi moja. Zimeonyesha pia hatari iliyomo ndani ya njia hiyo, na hatari hiyo nitaieleza bila kuipaka rangi.

Iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili, kwa maoni yangu, ni Prospect School, iliyoanzishwa mwaka 1965 katika mji mdogo wa North Bennington, jimbo la Vermont, Marekani. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Patricia Carini, ambaye baadaye aliandika sana kuhusu kazi ya pale. Shule ilifungwa mwaka 1991, lakini kilichobuniwa ndani yake bado kinatumiwa na walimu wa sehemu nyingine. Kwanza, walimu hawakutupa kazi za watoto. Michoro, hadithi, vitu vya kushona na vya mbao, daftari lililochafuka na daftari safi, vyote vilitunzwa na kuandikwa tarehe, mpaka ikawezekana kutandaza mezani kazi za mtoto mmoja tangu alipoingia shuleni hadi alipotoka. Pili, walibuni kikao cha kumwangalia mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na kikao hicho kinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mwalimu wa darasa anakuja na jina la mtoto mmoja na swali moja linalomkwaza. Swali si "huyu ana tatizo gani". Ni swali la mwalimu juu ya kazi yake mwenyewe, kama vile nimsaidieje mtoto huyu aache kukimbia kuandika. Mwenyekiti hukubaliana naye swali hilo kabla ya kikao. Kisha mwalimu anaeleza, bila kukatizwa, mambo matano: mwili wa mtoto na mwendo wake, yaani anavyoingia darasani, anavyokaa, sauti yake ikoje; tabia na hisia zake; uhusiano wake na wenzake na watu wazima; vitu anavyovipenda mwenyewe bila kuhimizwa; na namna anavyofikiri na kujifunza. Hairuhusiwi kusema mtoto ni mvivu, mtundu au mzito wa kuelewa. Ulimi ukiteleza, mwenyekiti humrudisha mwalimu kwenye lile aliloliona: alifanya nini hasa, wakati gani, akiwa na nani? Wenzake wanauliza maswali, halafu wanatoa mapendekezo, na kinachosemwa humo hakitoki kwenda kuwa mazungumzo ya barazani.

Tuseme mwalimu alikuja akiamini kwamba mtoto wake hataki kuandika. Akilazimika kueleza badala ya kuhukumu, anakumbuka kwamba huyo mtoto huanza mstari, akafuta, akaanza tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kwamba akisimulia hadithi kwa mdomo, meza nzima hunyamaza kumsikiliza. Kwamba hushika penseli kwa ngumi na mkono huchoka mapema. Tayari hapo pana mambo matatu ya kufanya kesho asubuhi: asimulie na mwingine amwandikie, kisha anakili maneno yake mwenyewe, arekebishiwe namna ya kushika penseli, na aelezwe kwamba rasimu haifutwi. Alama 38 ya Kiswahili isingempa mwalimu hata moja kati ya hayo. Ningependa wale wanaoliita jambo hili ulegevu wajaribu kulifanya mara moja. Kusahihisha daftari kwa vema na kosa ni kazi ya nusu dakika, na inawezekana kuimaliza bila kumkumbuka mwenye daftari. Kumweleza mtoto kwa dakika ishirini mbele ya wenzako haiwezekani kama hukumwangalia, na ukitaka kudanganya utaumbuka kwenye swali la kwanza.

Jibu la haraka ni kwamba hiyo ilikuwa shule ya kijijini kwa watoto wachache wa watu wasomi. Basi tuitazame Central Park East, shule ya msingi ya serikali aliyoianzisha Deborah Meier mwaka 1974 huko East Harlem, New York, mtaa wa watu maskini ambao watoto wake wengi walikuwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Walimu wake walifahamiana na Carini na walitumia mbinu zake. Badala ya kuegemea alama, mzazi alipewa maelezo ya maandishi kuhusu mwanawe na kikao cha kuyazungumza. Mtafiti David Bensman aliwafuatilia baadaye watoto waliopitia shule ile miaka ya mwanzo, akakuta kwamba wengi wao walimaliza sekondari na wengi wakaendelea na vyuo, katika jiji ambalo watoto wa mitaa kama ile walikuwa wakiacha masomo kwa makundi. Ushahidi huo una kasoro, nami sitaki kuuvimbisha. Wazazi walichagua wenyewe kuwapeleka watoto pale, na mzazi anayetafuta shule huwa na jicho kwa mwanawe tangu nyumbani. Hata hivyo unatosha kuiangusha dhana kwamba njia hii ni anasa ya matajiri.

Kuna ushahidi mwingine ambao haukutegemea aina ya shule wala uamuzi wa mzazi. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israel, alichapisha jaribio alilolifanya kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na maoni ya maandishi tu, la pili zikiwa na alama tu, la tatu likapewa vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio walioendelea vizuri na kubaki na hamu ya kazi. Ajabu iko kwa kundi la tatu: lilifanana na lililopewa alama tu. Mtoto akishaiona namba, maneno yaliyo pembeni hayasomi tena, kwa kuwa swali lake kubwa limeshajibiwa, yaani yeye ni wa ngapi. Na walioumia zaidi kwa alama ni wale waliokuwa chini, ambao ndio tunaodai kuwahimiza tunapobandika orodha ya matokeo kwenye ubao wa matangazo ili kila mpita njia aisome. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora, mwezi Januari 2023, lilifanya jambo la busara. Kwenye kuta za shule zetu jambo hilo bado halijafika.

Hapa ndipo ustawi wa mtoto unapoingia, na unaingia kupitia mlango wa taaluma. Mtoto anayejua kwamba watu wazima watatu au wanne pale shuleni wanajua anachokipenda, anachokiogopa na kazi aliyoifanya juma lililopita, ana mtu wa kumwambia akitendewa vibaya. Asiyejulikana na yeyote ana fimbo tu. Kanuni zetu za elimu bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, na kila mara viandikwe kitabuni pamoja na kosa. Tazama tulichokiona kuwa kinahitaji kumbukumbu ya kudumu. Kama juhudi ile ile ingewekwa katika daftari la pili, linaloeleza namna mtoto anavyosoma, anavyohesabu na anavyokaa na wenzake, sababu nyingi za kufungua lile la kwanza zingekwisha zenyewe. Utoro, kwa mfano, huandikwa kama kosa la nidhamu, wakati mara nyingi ni mtoto asiyeweza kusoma anayekwepa kuaibishwa mbele ya darasa.

Sasa niieleze hatari niliyoitaja. Meier alihamia Boston, na mwaka 1997 akafungua Mission Hill, shule ya serikali yenye uhuru mkubwa wa kujiendesha. Wazazi na walimu walikaa katika bodi moja yenye mamlaka ya kweli, familia ziliitwa kukaa na mwalimu na mtoto mwenyewe juu ya kazi zake, na wahitimu wa darasa la nane walitetea mikusanyo ya kazi zao mbele ya jopo. Ilisifiwa ndani na nje ya Marekani. Miaka mingi baada ya Meier kuondoka, familia zililalamika kwamba watoto wao walidhulumiwa na wenzao, pamoja na dhuluma za kingono, na kwamba shule ilijua lakini haikuwalinda. Uchunguzi uliofanywa na mawakili kwa niaba ya idara ya elimu ya jiji ulithibitisha kwamba uongozi ulishindwa kuchukua hatua na kutunza kumbukumbu, na mwaka 2022 shule ikafungwa. Haya hayapaswi kupitiwa haraka na yeyote anayezipenda shule za namna hii. Jumuiya iliyojiamini mno ilianza kuziona taratibu za serikali kama usumbufu wa watu wasioielewa, na mzazi mwenye malalamiko akaonekana msaliti wa familia. Watoto walilipa.

Sioni kwamba anguko hilo linaifuta hoja yangu. Naona kwamba linaikamilisha. Kumfahamu mtoto ni kazi ya walio ndani, lakini ulinzi wake hauwezi kuachiwa walio ndani peke yao. Shule yoyote, ndogo au kubwa, inayotaka kuwa jumuiya lazima iwe na mlango wa nje: afisa ustawi wa jamii anayefikika bila kupitia kwa mwalimu mkuu, taratibu za kuripoti ukatili zisizotegemea nani ni rafiki ya nani, na kumbukumbu ambazo mkaguzi anaweza kuzisoma. Hapa nchini tuna sababu ya ziada ya kuogopa, maana sisi tunajua kuyamaliza mambo kimyakimya. Familia ya mtoto na familia ya mkosaji wanakaa, wanapatana, fedha au mbuzi anatolewa, na mtoto anarudi kukaa dawati moja na aliyemuumiza. Hiyo nayo inaitwa jumuiya. Mimi siitetei.

Jicho la nje linahitajika katika upimaji pia, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka mitihani yote ifutwe. Mtoto wa mkulima wa Tandahimba asiye na jina wala mjomba mjini analindwa na mtihani ambao msahihishaji hamjui, na anayetaka kumnyang'anya kinga hiyo kwa jina la elimu bora hajafikiri vizuri. Tathmini ya mwalimu ina upendeleo wake: mtoto msafi, anayejieleza, mwenye mzazi anayemsalimu mwalimu sokoni, huonekana hodari kuliko alivyo. Lakini tuwe wakweli kuhusu kile ambacho mtihani umetuonyesha na kile ulichotuficha. Uwezo, mradi uliowapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, uligundua mwanzoni mwa muongo uliopita kwamba watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Wengine walikuwa wamefika darasa la saba bila kuiweza. Kugundua hivyo hakukuhitaji ukumbi wa mtihani. Mtu wa kujitolea alikwenda nyumbani, akakaa na mtoto mmoja, akampa karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi, akamsikiliza. Miaka yote hiyo alama zilikuwa zikiandikwa na ripoti zikipigwa mihuri. Ukweli ulipatikana mtu mzima alipokaa kando ya mtoto na kumsikiliza akisoma.

Pingamizi zito kuliko yote ni idadi. Mwalimu mwenye watoto 87, au zaidi ya 100, atamwangalia nani? Hili silidharau, wala sidhani kwamba mbinu yoyote inaweza kuchukua nafasi ya kuajiri walimu na kujenga madarasa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 watoto walimiminika, na hiyo ni heshima kwa taifa; walimu hawakuongezeka kwa mwendo huo. Lakini hata Prospect School haikuwafanyia kikao watoto wote. Ilimchukua mmoja kwa wakati, kwa kuwa walimu walioketi kumtazama mmoja kwa makini huondoka na macho mapya kwa waliobaki darasani. Aliyejifunza kuona kwamba mtoto anayefuta karatasi mpaka inatoboka ni msimuliaji hodari, kesho yake atawatambua wengine watano wa namna hiyo. Hata walimu wa darasa lenye watoto 100 wanaweza kukaa saa moja kwa mwezi juu ya mtoto mmoja. Shule zetu nyingi tayari zina vikao vya walimu. Ajenda zake ni michango, sherehe na maandalizi ya mtihani wa kujipima.

Wala wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliukosoa mtihani kwa kupima kumbukumbu za mtoto na kuacha uwezo wake wa kufikiri na moyo wake wa kuwatumikia wengine, akataka hadhi yake ishushwe machoni pa serikali na umma. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza kazi za kila siku na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe. Azma ilikuwa sahihi kabisa. Kilichotokea ni kwamba kazi za kila siku zikageuzwa alama, mwenendo nao ukageuzwa alama, na fomu zikajazwa jioni moja kabla ya tarehe ya mwisho. Jirani zetu wa Kenya, waliofanya mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wako katika hatari hiyo hiyo. Mtaala wao mpya una viwango vinne, kuanzia aliyezidi matarajio hadi aliye chini ya matarajio, na walimu wamelalamikia wingi wa makaratasi. Mwalimu anayeweka alama ya vema katika visanduku mia moja na mwalimu anayeandika asilimia mia moja wanaweza kuwa sawa kwa kutomjua mtoto. Kubadili fomu ni rahisi kwa wizara yoyote. Kumpa mwalimu muda, mbinu na heshima ya kueleza alichokiona ni vigumu, na ndicho kinachokosekana kote kuwili.

Sera yetu ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 inaleta nafasi ambayo haitarudi upesi. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Ikiwa kila mtoto anapaswa kuendelea hadi mwisho wa miaka hiyo kumi, basi hakuna sababu ya kumchuja akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na nguvu zote zinazotumika leo katika kambi za mitihani, masomo ya ziada ya usiku na mazoezi ya kuchagua herufi A hadi E zinaweza kuelekezwa katika kuhakikisha kwamba anapofika darasa la sita pana mtu anayejua hasa anaweza nini. Tathmini ya taifa ibaki, ipime mfumo, itaje wilaya zilizosahauliwa. Isitumike kumwambia mtoto wa darasa la sita yeye ni nani.

Ninachokiomba kwa TAMISEMI na kwa maafisa elimu kata ni kidogo na hakihitaji bajeti mpya. Kila shule ya msingi itenge saa moja kwa mwezi, walimu wanaomfundisha mtoto mmoja wakae na madaftari yake mezani, wamweleze bila kumpa jina la ubaya, waandike mambo mawili au matatu watakayoyafanya, na mwezi unaofuata waanze kwa kueleza yametendeka au hayakutendeka. Mzazi aitwe aambiwe kilichoonekana, na aulizwe anachokiona yeye nyumbani. Namba ya afisa ustawi wa jamii wa kata ibandikwe mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma. Na wewe mzazi, ripoti ya muhula huu ikifika, usiishie kwenye nafasi aliyoshika. Nenda shuleni, mwombe mwalimu akuonyeshe daftari, na muulize mtoto wako anafanya nini anapokwama.